Maswali ya Wasomaji: Paka Dume Aliyezibwa Mkojo

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma udaktari wa mifugo mwaka wa nne, Morogoro. Paka dume wa kilo 4 hajakojoa tangu jana, anatapika, kibofu kigumu, mapigo ya moyo 100 kwa dakika. Kama maabara imefungwa na potasiamu haipimiki, kinachotangulia ni katheta (mpira wa kutolea mkojo) au dripu?

Jibu: Marahaba. Kinachotangulia ni moyo. Paka aliyeko mezani kwa daktari, mwenye hofu na maumivu, moyo wake hutarajiwa kwenda 160 hadi 220. Ukikuta uko chini ya 140 na kibofu kimejaa, mtibu kama mwenye potasiamu iliyopanda kwenye damu kwa sababu haitoki na mkojo, usingoje maabara. Kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) utaona wimbi la T limechongoka, la P limefifia au halipo, na QRS imepanuka. Ukimpa nusu kaputi katika hali hiyo, moyo unaweza kusimama kabla hujafungua pakiti ya katheta.

Weka kanula mguu wa mbele. Mpe kalsiamu glukoneti ya 10%, ml 1 kwa kilo, yaani ml 4, polepole kwa dakika 10, stetoskopu ikiwa kifuani. Mapigo yakizidi kushuka au yakienda ovyo, acha kusukuma. Dawa hii haipunguzi potasiamu hata chembe. Inaukinga moyo kwa dakika 20 hadi 30 tu, na wengi husahau hilo wakishaona mapigo yamepanda. Kwa hiyo fuatisha insulini ya kawaida, ile ya haraka, uniti 0.25 kwa kilo: uniti 1. Iende na gramu 2 za dekstrosi, ambazo ni ml 4 za dekstrosi ya 50%, zikizimuliwa kwa ml 12 za maji ya chumvi. Baada ya hapo dripu iwe na dekstrosi ya 2.5%, na sukari ipimwe kila saa 1 hadi 2 kwa saa kadhaa. Ukiiacha, potasiamu itashuka vizuri na paka afe kwa kukosa sukari.

Dripu usiiogope. Ringa lakteti ina potasiamu mmol 4 kwa lita, kidogo kuliko iliyomo kwenye damu ya paka huyu, na inasaidia kupunguza asidi. Mapigo ya mshipa yakiwa dhaifu, mpe ml 40 kwa dakika 15 hadi 20, kisha mpime upya. Kibofu kikiwa kimekaza mno, kipunguze kwa sindano ya geji 22 iliyounganishwa na mpira mwembamba na koki ya njia tatu, ili usichome mara mbili. Shinikizo likipungua, hata kizibo hurudi nyuma kwa urahisi.

Sasa katheta. Kwa kumtuliza, butofanoli na midazolamu vinafaa; medetomidini iache, inapunguza mapigo. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu mrija wa mkojo umepinda. Shika govi, uuvute uume kuelekea mkiani ili mrija unyooke, kisha sukuma maji ya chumvi huku ncha ya katheta ikisogea kidogo kidogo. Nguvu hazifai: mrija ukichanika, mkojo huvujia kwenye nyama na kazi inakuwa kubwa zaidi. Njia ikifunguka, toa katheta ngumu, weka laini yenye unene wa 3.5 Fr, ishone, iunganishe na mfuko uliofungwa, na umvishe paka kola ya shingoni.

Swali: Baada ya kuzibuliwa, paka wa kilo 4 ametoa mkojo ml 160 kwa saa 4. Dripu inakwenda ml 10 kwa saa. Je, tuipunguze? (Mwanafunzi, Kabete)

Jibu: La, iongezeni. Hizo ni ml 10 kwa kilo kwa saa, wakati kawaida ni 1 hadi 2. Figo zinamwaga maji baada ya kuachiliwa; mnampa ml 10 naye anapoteza 40, kwa hiyo anakauka mkimtazama. Dripu ilingane na mkojo, na hesabu irudiwe kila saa 4. Potasiamu ikishuka chini ya mmol 3.5 kwa lita, ongezeni KCl (kloridi ya potasiamu) mmol 20 kwa kila lita ya dripu. Kwa ml 40 kwa saa atapata mmol 0.2 kwa kilo kwa saa, chini ya kikomo cha 0.5. Kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ikirudi kawaida, punguzeni dripu kwa robo: mkojo nao ukipungua, mlikuwa mnauongeza wenyewe kwa dripu.

Swali: Antibiotiki zianze lini?

Jibu: Kwa paka kijana, kwa kawaida zisianze. Mkojo wake mara nyingi hauna bakteria, na dawa ikitolewa katheta ikiwa ndani huua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu. Oteshea mkojo maabara ukiona homa au usaha. Katheta itolewe baada ya saa 24 hadi 48, mkojo ukiwa hauna damu nyingi wala mchanga, na paka asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla hajakojoa mwenyewe, kwa mkondo unaoonekana.