"Mwanga wa joto" una joto gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najenga Nkuhungu, Dodoma, na sasa nipo hatua ya umeme. Fundi kaniandikia orodha: "taa za mwanga wa joto 6 sebuleni, mwanga baridi 4 jikoni, zote nyuzi 36." Mimi na mama watoto tumebishana jioni nzima. Joto la nini? Na nyuzi 36 si karibu na joto la mwili wa mtu? Hiki ni Kiswahili kweli?

JIBU: Marahaba, na hongera. Wengi huishia kwenye lenta.

Tuanze na joto. Huku kwetu ukiomba "taa ya joto", muuzaji anawaza vifaranga: ile glopu ya waya inayoning'inizwa bandani, hasa Juni na Julai upepo wa Dodoma unapokata masikio. Taa ya LED haiwezi kazi hiyo. Fundi wako amehamisha maneno ya kwenye boksi, ambako joto ni hisia tu ya rangi, ule umanjano wa koroboi. Boksi nalo linazidisha utata kwa kuandika kelvini, ambacho ni kipimo halisi cha jotoridi: 2700 au 3000 kwa mwanga wa manjano, 4000 kwa mweupe wa kati, 6500 kwa mweupe unaoelekea buluu. Umeona? Unaoitwa baridi ndio wenye namba kubwa. Mhunzi hashangai: chuma kikikolea moto huwa chekundu, kikizidi huwa cha manjano, kikizidi tena huelekea weupe.

Mimi ningeandika mwanga wa manjano na mwanga mweupe. Dukani wanasema "ya njano" na "nyeupe", wanaelewana. Ila kwenye orodha usiandike "taa nyeupe", maana hapo weupe unaishika taa yenyewe, na balbu za LED zisipowashwa karibu zote ni nyeupe kama yai. Andika "taa ya mwanga mweupe". Na uchunge kitenzi: mwanga umeingia sebuleni, heri, mwanga ameingia sebuleni, tafuta shehe au mchungaji, kwani huyo ni mchawi wa usiku na wenzake huitwa wanga.

Nyuzi, kwa upande wake, hupima joto na hupima pembe pia. Hizi 36 ni za pembe, yaani jinsi mwanga unavyofunguka ukitoka kwenye taa. Taa hiyo ikiwa mita 2 juu ya meza huchora duara lenye upana wa mita 1.3 hivi, ya nyuzi 60 hufikisha mita 2.3. Ili mabishano yaishe, andika "pembe ya nyuzi 36".

Lakini kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoifanya kazi hii bila namba: kumulika na kuangaza. Tunammulika nyoka, tunamulika tundu la kitasa usiku funguo zikigoma. Mwanga unaelekezwa mahali pamoja. Mwezi mpevu haumuliki uwanja, unauangaza. Basi pembe ya nyuzi 36 ni taa ya kumulika: picha ukutani, meza ya kulia. Anayekatakata sukuma wiki anataka taa ya kuangaza, nyuzi 100 na zaidi, la sivyo kisu kitafanya kazi kwenye kivuli cha kichwa chake. Hapo fundi wako ana swali la kujibu, na si la lugha. Hata sebuleni, taa hizo 6 zikikaa mbalimbali kwenye dari zitaacha giza kati ya duara na duara.

Nakuandikia upya, umpelekee: "Sebuleni, taa 6 za mwanga wa manjano, kelvini 3000, pembe ya nyuzi 60. Jikoni, taa 4 za mwanga mweupe, kelvini 4000, pembe ya nyuzi 120."