Ombeni kona na saa, msiombe uwanja

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa hapa Mtwara mjini. Huu ni mwaka wa pili nawafundisha besiboli watoto wa miaka 9 hadi 12. Wamefika 46, tumewagawa timu nne na tunajiita ligi, ingawa glovu ni 11 na magongo matatu. Tunachezea kiwanja cha wazi cha manispaa, siku ambazo watu wa soka hawapo. Mwezi uliopita mpira uliruka hadi barabarani ukapasua kioo cha bajaji. Wazazi walichanga, dereva akalipwa, lakini wazee wa soka wamepata la kusema: mchezo wenu ni wa hatari, hameni. Nimeandika rasimu ya barua kwa Mkurugenzi, kuomba tujengewe uwanja wa besiboli. Nimeiambatisha pamoja na mchoro wa tunavyocheza sasa. Naomba uisome kabla sijaipeleka.
Kocha wa kujitolea, Mtwara

Marahaba mwanangu. Rasimu nimeisoma mara mbili. Kiswahili kimenyooka na adabu ipo. Tatizo ni orodha: ardhi, uzio, jukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo. Barua ya namna hiyo hupokelewa vizuri, hugongwa muhuri, huwekwa kwenye jalada, na jalada hulala. Hata Dar es Salaam, uwanja wao wa besiboli uko ndani ya eneo la shule, Azania Sekondari, na ulipojengwa mwaka 2018 ulikuwa na mkono wa Wajapani. Wewe una magongo matatu. Omba kona ya kiwanja na saa za kukitumia. Hivyo mtu anaweza kukupa bila kutafuta fungu la fedha.

Mchoro wako ndio ulionifanya nikae chini. Besi ni zile alama nne za kukimbilia; ya nyumbani, anaposimama mpigaji, umeiweka mashariki, chini ya mwembe, na barabara iko magharibi. Najua kwa nini: kivuli. Mimi nilifanya vilevile miaka michache kabla ya kustaafu, katika shule moja ya huku kusini, na mwembe wangu ulikuwa mzuri kuliko wako. Saa kumi na moja jioni jua likashuka usawa wa macho ya mpigaji. Mtoto hakuuona mpira, ukampata begani. Hakuvunjika, ila mama yake alikuja shuleni na nguo za shambani, akasimama mlangoni bila kusema neno. Ningependa angenitukana.

Kanuni za besiboli zenyewe zinapendekeza mstari unaotoka besi ya nyumbani, ukapita kwa mrushaji hadi besi ya pili, uelekee mashariki ukiegemea kaskazini kidogo. Jioni mpigaji analipa jua mgongo. Kwenu faida ni mbili, maana mipira iliyopigwa vizuri nayo itaruka kuiacha barabara. Hamisheni besi ya nyumbani iende kona ya kusini-magharibi. Mwembe waachieni wazazi.

Sasa hesabu, na hii ndiyo uibebe kwa wazee wa soka. Kiwanja kamili cha soka ni mita 105 kwa 68. Watoto wa umri huo hawahitaji vipimo vya wakubwa, ambao besi zao zinaachana mita 27.43. Wao hutumia mita 18.29 kati ya besi na besi, mrushaji husimama mita 14.02 kutoka nyumbani, na mwisho wa uwanja huwa kama mita 61. Ingieni mita 6 ndani kutoka mistari miwili inayokutana kwenye kona hiyo. Upande mfupi unabaki na mita 62. Mnatosha, tena goli halisogezwi. Litabaki nje ya mstari wenu, mita 6 pembeni, ila nguzo zake zivisheni magodoro chakavu, mtoto akikimbilia mpira haangalii chuma.

Kupima, chukua kamba ya katani isiyovutika. Chomeka kijiti nyumbani, kingine mita 25.86 kuelekea huko mashariki-kaskazini: hiyo ni besi ya pili. Kata kamba mbili za mita 18.29. Moja ifunge nyumbani, nyingine besi ya pili, zivute zote upande wa kulia mpaka ncha zikutane. Hapo ni besi ya kwanza. Zigeuze kushoto, upate ya tatu. Fundi yeyote wa msingi wa nyumba atakuelewa. Mistari pigeni kwa majivu. Chokaa yetu ya matumbawe ikiingia jichoni mwa mtoto anayejirusha chini ni balaa. Na msijenge kichuguu cha mrushaji, arushe akiwa tambarare. Siku beki akijikwaa kwenye kichuguu chenu, kesi hamshindi.

Lakini kitakachoiokoa bajaji ni wavu. Mpira una gramu 142 hadi 149, na ukiguswa vibaya na gongo hurudi nyuma na juu, kwa hiyo kugeuza uwanja peke yake hakutoshi. Hapa Mtwara tuna bahati ya bahari. Nenda asubuhi kwa wavuvi wanaoshona nyavu, uliza wavu mkuukuu. Usikubali jarife, tundu lake mpira unapita kama dagaa. Usichukue wa dagaa nao, uzi ni mwembamba, jua la miezi miwili linaumaliza. Omba wa tundu la inchi 3. Wavuvi hupima tundu likiwa limevutwa, kwa hiyo likifunguka linakuwa kama inchi moja na nusu kila upande, na mpira wa sentimita 7 na kitu haupenyi. Simamisha nguzo za mvinje zitoke mita 6 juu ya ardhi, wavu uizunguke kona, na chini uuache umelegea. Wavu uliokazwa hurudisha mpira kwa mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, uliolegea huumeza.

Kabla ya barua, hakikisha kiwanja ni cha nani. Watu husema "cha serikali" kwa kila penye nyasi. Uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa mjini, kwa mfano, ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Kiwanja cha shule kina mwalimu mkuu na kamati yake. Nenda kwa watu wa mipango miji, waoneshe kwenye ramani kama ni eneo la wazi. Usajili wa klabu anza kwa afisa michezo, hauna hadithi ndefu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata. Nakala mpe diwani, kwa sababu ndiye anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Omba Jumanne na Alhamisi saa kumi hadi kumi na mbili jioni, na Jumamosi asubuhi, Juni hadi Septemba. Oktoba korosho zinaanza, nusu ya watoto utawakuta mashambani na bibi zao, kisha mvua. Ambatisha mchoro mpya, picha ya wavu ukiwa umeshasimama mahali pengine hata kwa majaribio, na risiti ya kioo cha bajaji. Ndiyo, risiti. Yule dereva amelipwa, nanyi mnaficha kitu kinachowasafisha. Halafu kuna sentensi yako "vijana wanahitaji gongo". Andika magongo, kwa wingi. Diwani akiisoma kwa sauti kikaoni, kicheko kitakula dakika zako zote.

Wazee wa soka wafuate kabla hawajaitwa. Nenda na kamba, wapimie mbele ya macho yao, na uwaahidi kufyeka nyasi za kiwanja kizima, siyo kona yenu tu.

Siku wakiwa na mechi, msikae bure. Kuna besiboli ya watu watano: mpira wa raba, haina gongo wala glovu, mpigaji hutumia kiganja, na besi zinaachana mita 13 tu. Imo kwenye ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Waite na wasichana wanaocheza rede. Mkono wa mtoto wa rede hauhitaji kufundishwa kulenga.

BARUA YA PILI

Mwalimu, sisi tuna timu ya watoto huku Lindi. Kiongozi mmoja alituahidi mbele ya wazazi kwamba kiwanja chetu "kitaingizwa kwenye bajeti". Mwaka umeanza Julai, hatuoni kitu. Tuendelee kusubiri?
Mzazi, Lindi

Ahadi hiyo ilitolewa mwezi gani? Kama ni Mei, mlipewa maneno matamu tu, kwa sababu Mei bajeti ya halmashauri imeshapita kwenye baraza. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele hukusanywa kuanzia mitaani miezi mingi kabla, na mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, kabla ya Julai hiyo, madiwani huwa wanapitisha. Nendeni kwenye mkutano wa mtaa wa Oktoba au Novemba, watu kumi, si mmoja. Ombi liandikwe kwenye muhtasari, na mtendaji awasomee kabla hamjaondoka. Ombeni kitu kimoja chenye bei: kusawazisha kiwanja kwa greda, siku moja. Mkopo wa vijana unaotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri msiuguse. Ule ni wa biashara na hurejeshwa, na watoto wa miaka kumi hawana cha kurejesha.