Usilinyime Tunguu Maji Kabla Hujajua Kwao ni Wapi

Wapo watu waliotunza tunguu la amarilisi miaka nenda miaka rudi, likawapa majani ya kupendeza na ua wasilione. Wakiniita nitazame, mara nyingi nakuta moja kati ya mambo mawili: ama majani yalikatwa mapema mno, ama tunguu lilikaushwa ilhali aina yake haina desturi ya kukauka. Yote mawili yanarekebishika ukishajua mmea huu unavyoishi kwao.

Kwao ni Amerika. Amarilisi halisi ni ya Afrika Kusini, lakini yale maua makubwa mekundu, meupe na ya michirizi tunayouziwa vitaluni ni hipeastramu, na nyingi zina asili ya Brazili, Bolivia, Peru na Ajentina. Mwaka 1799 fundi saa wa Prescot, Uingereza, aitwaye Arthur Johnson, alipata chotara wa kwanza kwa kuchavusha aina mbili za huko. Machotara ya leo yana damu ya aina nyingi, zikiwemo za miinuko ya Andes, ambako miezi ya mvua hupokezana na miezi mikavu. Ndiyo maana hayadhuriki yakikaushwa kwa muda.

Ua la mwaka huu ni kazi ya majani ya mwaka jana. Tunguu likiwa na afya hutoa jani la kwanza, la pili, la tatu na la nne, kisha ndani kabisa, katikati ya magamba, huanza kujenga tumba la ua. Halafu hurudia tena: majani manne, tumba moja. Tumba hilo hukaa humo takriban mwaka mzima kabla ya kutokeza nje. Basi anayefyeka majani kwa sababu maua yamepukutika na chungu hakipendezi tena, anakata maua ya mwakani. Kata bua lenye maua yaliyonyauka, lakini majani yaache yale jua la asubuhi na yalishwe. Mimi natumia mbolea yenye potashi nyingi na naitrojeni kidogo, pamoja na majivu kidogo ya kuni. Samadi mbichi iepuke, maana huozesha tunguu. Utajua mambo yanakwenda vizuri tunguu linaponenepa. Chotara ambaye tunguu lake halijafikia mzingo wa sentimita 20 hivi ni wa kumvumilia tu, bado anakua.

Kuhusu kukausha, maelekezo mengi ya mtandaoni yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako tunguu huwekwa ndani lilale ili lichanue Krismasi. Hapa Arusha kipupwe kinafanya kazi hiyo bila gharama. Masika yakikoma, napunguza maji taratibu, na mwishoni mwa Juni naacha kabisa. Vyungu vinakaa chini ya paa visipatwe na manyunyu ya Julai. Tunguu linataka ubaridi wa nyuzi 13 hivi kwa wiki nane hadi kumi, na usiku wa kipupwe huku miinukoni haupo mbali na hapo. Septemba nabadilisha udongo wa juu, namwagilia mara moja, kisha nasubiri. Usiongeze maji mpaka uone ncha ya tumba au jani. Tunguu lisilo na majani halina pa kuyapeleka, nalo huoza upesi.

Sasa sikiliza hili kwa makini: usifanye hivyo kwa aina ya hipeastramu iitwayo papilio. Hili ni ua la kijani hafifu lenye michirizi ya damu ya mzee, na kwangu hakuna hipeastramu inayolishinda uzuri. Linatoka kwenye misitu ya Atlantiki kusini mwa Brazili, ambako huota hata juu ya matawi ya miti, kwenye unyevu wa mwaka mzima. Majani yake hayakauki yote. Ukilinyima maji kama chotara, linadhoofika na kula akiba yake lenyewe. Lipandie kwenye mchanganyiko mwepesi wa vipande vya magome, mkaa uliovunjwavunjwa na makumbi ya nazi, na wakati wa baridi punguza maji bila kuyakata. Aina ya retikulatamu, yenye mstari mweupe katikati ya jani, nayo itunze vivyo hivyo, ila ipe kivuli.

Ndugu zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa hawana baridi ya kulaza machotara, kwa hiyo naona wasihangaike nayo sana. Wapande hipeastramu ya rangi ya chungwa iliyozoea joto, au zefiranti, ambazo huchomoza maua siku chache baada ya mvua kubwa. Kwenye kivuli cha baraza weka eukarisi ya Amazoni. Ua lake ni jeupe na linanukia.

Chungu kisiwe kipana: nafasi ya vidole viwili kuzunguka tunguu inatosha, na theluthi moja ya tunguu ibaki juu ya udongo. Shingo ikikaa na maji, ukungu wa madoa mekundu huingia. Mwagilia udongoni. Michirizi ya njano kwenye majani yote huashiria virusi, navyo havina dawa; choma tunguu hilo, na kisu kichovye kwenye spiriti kila unapohama chungu, kwa sababu vidukari na visu ndivyo vinavyovisambaza. Kagua pia viwavi weusi wenye madoa ya njano wanaotoboa majani kuelekea chini. Hawa ni wenyeji wetu, wamezoea yungiyungi za porini za ukoo huuhuu. Waokote kwa mkono jioni. Na matunguu yote haya yana sumu, weka mbali na watoto na mbwa.

Ukitaka mengi kwa bei ndogo, chavusha mwenyewe. Mbegu ni nyeusi, nyembamba kama karatasi. Ziache zielee juu ya maji mpaka mzizi utokeze, kisha zihamishie kwenye udongo. Miche usiilaze kamwe. Iendelee kunywa na kula mfululizo, na mingi itachanua mwaka wa tatu au wa nne.