Kazi ya dalali huanza nyumba ikishapatikana

Watu huniuliza kama bado kuna haja ya kumlipa dalali siku hizi, wakati picha za nyumba zimejaa kwenye simu na mwenye nyumba ameweka namba yake hapo hapo. Nimenunua nyumba nikiwa na dalali, na nimeuza nikiwa naye pia. Jibu langu ni kwamba haja ipo, na kubwa. Kutafuta nyumba mtu anaweza kujitafutia. Ada ya dalali inapata maana pale nyumba ikishapatikana, maneno ya bei yanapoanza.

Bei iliyo kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Ukitaka kujua thamani ya nyumba, tazama nyumba zinazofanana nayo zimeuzwa kwa kiasi gani karibuni, na habari hiyo si rahisi mtu wa kawaida kuipata. Dalali aliyefanya kazi eneo moja kwa miaka anajua ipi iliuzwa haraka, ipi ilikaa sokoni mpaka mwenyewe akachoka, na nani alishusha bei na kwa nini. Akikupangia bei, huchukua zile zilizouzwa jirani katika miezi michache iliyopita, kisha anajumlisha na kutoa: hii ina chumba zaidi, ile paa lake lilikuwa jipya, nyingine imepakana na barabara yenye kelele.

Tulipouza nyumba ya wazazi wetu ndipo nilipoelewa uzito wa kazi hiyo. Kila ndugu alikuja na bei yake, na kila bei ilikuwa imebeba kumbukumbu za utotoni. Dalali hakubishana na mtu. Alituwekea mezani orodha ya nyumba za jirani zilizouzwa, akaipitia moja baada ya nyingine, halafu akatuacha tuzungumze wenyewe. Alitueleza pia kwamba wanunuzi wenye hamu kubwa hujitokeza wiki za mwanzo, kwa sababu wamekuwa wakisubiri nyumba mpya iingie sokoni. Ukianza na bei ya juu mno unawapoteza hao, na ukija kuishusha baadaye, wanaofika wanauliza nyumba ina kasoro gani hata haijanunuliwa. Tulikubaliana bei siku hiyo hiyo, na undugu wetu ukabaki salama. Kwa familia inayogawana mirathi, mimi naona hilo peke yake linatosha kulipia ada yote.

Halafu kuna majadiliano yenyewe. Mwenye nyumba akiambiwa usoni kwamba ukuta wake una unyevu, husikia kama ametukanwa. Mnunuzi naye huona haya kuomba apunguziwe na mtu aliyemkaribisha kwa heshima. Dalali hubeba maneno ya pande zote mbili bila kuyachukua moyoni, na mara nyingi huyalainisha njiani. Nilipokuwa nanunua, fundi niliyemleta kukagua alikuta nyaya za umeme zimechakaa. Mimi nilitaka muuzaji azibadilishe kabla sijahamia. Dalali wangu alinishauri niombe bei ipunguzwe nizibadilishe mwenyewe, kwa sababu mtu anayehama hatafuti fundi bora, anatafuta wa haraka na wa bei nafuu. Ushauri wa namna hiyo unatoka kwa aliyeshuhudia mauzo mengi.

Ni yeye pia aliyesisitiza kwamba ofa yetu iandikwe na masharti: ununuzi utegemee matokeo ya ukaguzi, kupatikana kwa mkopo, na hati kuthibitishwa kuwa safi, isiyo na deni wala mgogoro. Masharti hayo yasipoandikwa, ukijitoa baadaye unaweza kukosa amana yako hata kama una sababu nzuri. Kwenye makaratasi sitakaa sana. Dalali si wakili, na mkataba wa mauzo upelekee wakili ausome. Lakini dalali anajua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na huwapigia simu benki, mthamini na fundi wewe ukiwa kazini.

Kwa muuzaji kuna faida nyingine inayosahaulika. Dalali huchuja wageni. Kabla hajamfungulia mtu mlango, anauliza kama mkopo umeshaidhinishwa au pesa ipo, na hivyo nyumba yako haigeuki njia ya kila mpita njia.

Pamoja na hayo yote, elewa dalali wako analipwaje, maana malipo huelekeza ushauri. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walichapisha mwaka 2008 utafiti wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago. Waligundua kwamba madalali wanapouza nyumba zao wenyewe, huziacha sokoni kwa wastani wa siku 9.5 zaidi kuliko nyumba za wateja, na huziuza kwa bei iliyozidi kwa takriban asilimia 3.7. Sababu inaeleweka. Kusubiri ofa nzuri zaidi kunamletea mwenye nyumba pesa ya maana, lakini fungu la dalali katika nyongeza hiyo ni dogo mno. Kwa hiyo ofa ikija, muulize: nyumba hii ingekuwa yako, ungeipokea leo? Msikilize vizuri anavyojibu, kisha mwombe sababu.

Uliza pia anamwakilisha nani. Dalali anayehudumia muuzaji na mnunuzi katika nyumba moja hawezi kumpigania yeyote kwa nguvu zake zote, na mimi ningetafuta wangu. Nchini Marekani, tangu tarehe 17 Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya kumaliza kesi dhidi ya National Association of Realtors, chama cha madalali wa nyumba wa huko, madalali wanaotumia mifumo ya pamoja ya matangazo ya chama hicho wanatakiwa kusaini makubaliano na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, yakiwa na kiasi cha malipo. Hata kama sheria ya unapoishi haidai hivyo, dai maandishi.

Kabla ya kusaini, hakikisha ana leseni pale inapohitajika, na zungumza na wateja wake wa karibuni, hasa ambaye mauzo yake yalikuwa magumu. Mkataba uonyeshe ada ni kiasi gani, nani anailipa na inalipwa lini. Muda wake uwe mfupi, wa miezi michache tu, ukiwa na kipengele kinachoeleza utakavyoondoka ikiwa dalali hapokei simu zako.