Nilivyoacha kupulizia miembe kwa kalenda

Kwa misimu minne ya mwanzo, shamba langu la miembe hapa Mkuranga liliendeshwa na kalenda ya ukutani. Maua yakishaanza kutoka, kila baada ya siku 10 vijana wanabeba mabomba. Hakuna aliyeangalia kama mdudu yupo au hayupo. Dawa ikionekana haifanyi kazi, tuliongeza kipimo au tukachanganya mbili kwenye bomba moja, maana muuza pembejeo ndivyo alivyotuambia.

Msimu wa nne nilimpasulia mnunuzi embe aina ya Kent. Ganda safi, rangi imekubali, isipokuwa kitundu kama cha sindano karibu na kikonyo. Ndani kulikuwa na funza weupe, na walipoguswa na hewa wakaanza kurukaruka juu ya meza. Tulikuwa tumepulizia siku sita tu zilizopita. Yule mnunuzi alifunga daftari lake akaondoka.

Siku hiyo ndiyo niliyoanza kujifunza maisha ya nzi wa matunda, na nakuomba ndugu mkulima ujifunze kabla hujanunua chupa nyingine. Nzi jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya embe. Funza akishaanguliwa humo, dawa unayomwaga juu ya ganda haimfikii. Akishiba, embe linadondoka, yeye anatoka na kuingia udongoni sentimita chache, anajifungia kwenye kiganda cha kahawia kama punje ya mpunga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake yuko mahali bomba lako halifiki. Wewe unamfukuzia yule anayeruka, ambaye kesho atatoka shamba la jirani.

Nzi anayetusumbua zaidi ni mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, na hakuchukua muda kusambaa. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka embe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguka tena hadi 2021.

Sasa natundika mitego yenye kivutio cha methili-eujenoli, ambacho huwaita madume. Kila Jumatatu tunahesabu nzi na kuandika. Idadi ikipanda, tunaingia na chambo cha protini, kwa sababu jike hawezi kukomaza mayai bila protini. Chambo kinachanganywa na dawa kidogo sana, tunapulizia eneo kama la mita moja ya mraba kwenye majani ya kila mti, matunda hatuyagusi. Kutoka kupulizia mti mzima mara 12 kwa msimu, nimefika mara tatu au nne, na nyingi ya hizo ni salfa ya ubwiri unga, ukungu mweupe unaoshika maua. Kwa ubwiri unga na chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, sitakudanganya, dawa bado natumia. Ila ya wadudu siigusi maua yakiwa wazi. Zamani nilikuwa naua nyuki na nzi wale wanaochavusha maua, halafu nauliza mbona miembe haishiki.

Kazi kubwa kuliko zote haina dawa kabisa: kuokota embe zilizodondoka. Mara mbili kwa wiki, bila kukosa. Tunazifunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuziacha juani, funza wanafia humo. Nyingine tunafukia nusu mita kwenda chini. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, wana hema la wavu: embe mbovu zinawekwa ndani, nzi wakitoka wanashindwa kupita, lakini nyigu wadogo wanaoshambulia nzi wanapenya na kurudi shambani kufanya kazi. Nilipoelewa hilo nilisikitika, maana kwa miaka minne nilikuwa nawaua nyigu hao kwa fedha yangu mwenyewe.

Ukiwa na majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani, kwenye miembe, usiwachome viota. Kusini mwa China wakulima wa machungwa wamewatumia ndugu zao kwa zaidi ya miaka 1,000. Wanakula wadudu, na harufu wanayoacha kwenye tunda humfanya nzi asite kutaga. Wanauma, kweli, na vijana hulalamika wakati wa kuvuna. Wangu wanajipaka majivu mikononi na kupanda mapema kabla jua halijakolea.

Halafu kuna jambo ambalo bado linanikaa moyoni. Kijana wangu mmoja aliwahi kupulizia mchana kutwa bila barakoa, upepo ukimrudishia. Jioni alikuwa anatoka jasho na mate, kifua kimembana, mboni za macho zimekuwa kama vichwa vya pini. Tulimkimbiza zahanati, akapona. Dawa ile ilikuwa ya jamii ya oganofosfeti, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, na chupa yake ilikuwa na mstari wa rangi nyekundu ambao hakuna kati yetu aliyejua maana yake. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote. Soma rangi kabla ya kusoma bei.

Dawa za jamii hiyo zinaondoka duniani moja moja. Marekani ilisimamisha azinfosi-methili, iliyotawala mashamba ya tufaha kwa miongo mingi, mwaka 2012. Umoja wa Ulaya uliiondoa klorpirifosi mwaka 2020 na kushusha kiwango chake kwenye matunda hadi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani karibu na sifuri. Anayetaka kuuza huko hana nafasi ya kubahatisha, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo azihesabu kweli kabla ya kuvuna.

Kilichobaki kunisumbua ni jirani yangu mzee, mwenye miembe sita ya dodo iliyozeeka. Embe zake zinaoza chini, na nzi wake ndio wangu. Nilimwomba, akasema mgongo haumruhusu kuinama. Basi kila Jumamosi tunaanzia kwake na ndoo, tukimaliza ndipo tunavuka kuja kwangu.