Fundi wa Nyumbani: Bunduki ya gundi ya moto, ipi ununue na inashika nini

Mwezi huu maswali ya gundi ya moto, ile ya vijiti inayoyeyushwa na bunduki ya umeme, yamejaa, ya mapambo, ya projekti za watoto, ya ndoo zilizopasuka, mpaka nimeona bora nafasi yote niipe hiyo hiyo. Twende.

*Fundi shikamoo. Nafanya mapambo ya harusi na vibanio vya nywele. Nimeenda Kariakoo kununua bunduki ya gundi nimekuta ndogo na kubwa, za wati 20, 60, mpaka 100, muuzaji ananiambia zote sawa tu ni bei ndo tofauti. Kweli? — Mama Mapambo, Mbagala*

Marahaba mama. Si kweli. Ile ndogo inakula kijiti chembamba cha milimita 7, kubwa inakula cha milimita 11, na haviingiliani, ukitia chembamba kwenye kubwa gundi inayeyuka inarudi nyuma inagandia ndani na mashine ndo imekufa hivyo. Kwa hiyo kabla hujalipa angalia na vijiti vyenyewe, mtaani kwenu vinapatikana vipi? Maana bunduki unanunua mara moja lakini vijiti utanunua kila wiki.

Sasa wati. Watu wanadhani wati nyingi maana yake gundi inashika zaidi, hapana. Wati zinakuambia mashine inapata moto haraka kiasi gani na inarudisha moto haraka kiasi gani ukishaminya gundi nyingi. Ya wati 20 ukiminya mfululizo inachoka, gundi inatoka nzito nusu imeyeyuka, triga inakuwa ngumu, watu wanailazimisha wanavunja. Kwa vibanio, hereni, shanga, maua ya karatasi na ya kitambaa hiyo ndogo inatosha kabisa, tena mimi naipenda zaidi kwa kazi hizo maana mdomo wake mwembamba na haimwagi. Lakini wewe unasema na harusi, yaani una fremu za mbao, una maboksi, una maua ya kupanga ukuta mzima, hapo chukua ya wati 60 au 80 ya kijiti cha 11. Ya 100 waachie watu wa viwandani na mafundi wa kufunga maboksi siku nzima. Na usiogope luku, ya wati 60 ikiwaka saa nzima haizidi uniti 0.06, hiyo siyo itakayokumalizia umeme.

Kama utapata yenye swichi ya moto mdogo na mkubwa, ongeza hela uichukue. Moto mdogo ni kama nyuzijoto 120, mkubwa unafika kama 190. Lile povu jeupe linalokuja na TV mpya, ambalo wengi mnachongea herufi za majina ya maharusi, ukiligusa na moto mkubwa linatoboka hapo hapo, riboni nyembamba nayo inajikunja. Mbao na kadibodi nene zinataka moto mkubwa.

Pale pale dukani angalia kama ina kitufe cha kuwasha na kuzima, nyingi za bei chee hazina, ukichomeka tu imewaka, basi kwako tumia ekstensheni yenye swichi. Angalia ule mguu wa waya wa kuisimamishia, ukiwa umelegea bunduki itakuwa inaanguka kila saa na gundi inadondokea meza ya mteja. Na vijiti, zile za rangi na za kumetameta ni za urembo tu, usizibebeshe uzito. Mimi kijiti nakipinda kwanza kabla sijalipa, kikipinda bila kukatika nachukua, kikivunjika kama chaki narudisha.

*Habari fundi. Niko Mombasa, natengeneza fremu za vioo na kubandika makombe ya baharini nauzia wageni. Jioni nimebandika vyote vimeshika vizuri, asubuhi nakuta viko chini, gundi imebaki kwenye fremu na alama ya kioo kabisa lakini kioo kimeachia. Gundi ni feki ama? — Dada wa Likoni*

Njema dada yangu. Gundi inaweza kuwa nzima kabisa, tatizo ni kile unachobandika, na hili ningependa kila anayeshika hii mashine alielewe kwa sababu likikaa kichwani maswali mengine yote unajijibu mwenyewe.

Gundi ya moto haikauki kama gundi nyingine. Ni plastiki tu, inayeyuka, inatambaa kwenye vishimo na nyuzinyuzi za kitu, halafu ikipoa inaganda ikiwa imeng'ang'ania humo. Basi. Ndo maana kwenye mbao, kadibodi, kitambaa, ukindu, kamba ya katani inashika mpaka unang'oa na kipande, kuna mahali pa kung'ang'ania. Kioo hakina vishimo. Halafu kioo ni baridi, na chuma na marumaru pia, gundi ikigusa tu inapoa kabla haijatambaa, kwa hiyo unachokiona ni gundi imekaa juu ya kioo, haijashikana nacho. Ile alama uliyoiona kwenye fremu ndo ushahidi.

Na wewe una la ziada, makombe yana chumvi na mchanga mle ndani, na hewa ya pwani ina unyevu. Yaloweke kwenye maji ya bomba, yasugue, yaanike mpaka yakauke kabisa, siyo juu juu. Ile sehemu unayobandika ipige msasa kidogo. Kioo kifute na spiriti, acha ikauke, halafu kipashe moto kidogo na draya ya nywele au kiweke juani dakika kadhaa kiwe vuguvugu mkononi, pasha na kombe pia. Hapo ndo unaweka gundi, na ukiweka usianze kutafuta kombe liko wapi, una sekunde chache tu, shikiza, kandamiza, hesabu mpaka 30 ndo uachie. Wengi wanapiga mstari mrefu wa gundi kwanza halafu ndo wanaanza kupanga, wakifika mwisho gundi imeshapoa zamani.

Ila kwa kioo cha kujitazamia chenye uzito, dada, mimi nakushauri uache gundi ya moto kabisa. Tumia silikoni, na siyo silikoni yoyote, ile inayonuka siki inakula rangi ya nyuma ya kioo, baada ya muda unaona madoa meusi yanatokea mbele. Muulize muuza vioo akupe isiyonuka siki. Gundi ya moto itumie tu kushikilia kioo mahali pake wakati silikoni inakauka, hiyo kazi inaifanya vizuri sana. Na mteja wako mwambie asitundike fremu za makombe kwenye jua kali wala asiziache ndani ya gari limefungwa mchana, gundi inalainika na makombe yanaanza kuteleza taratibu.

*Fundi mambo. Nimenunua bunduki ya gundi nataka nianze kufanya ripea nyumbani. Ndoo imepasuka, soli ya kiatu imeachia, mguu wa stuli umelegea, na mpini wa sufuria umetoka. Nianze na ipi? — Kijana wa Morogoro*

Poa mdogo wangu. Kwa hizo nne, bunduki yako iache kwenye boksi.

Ndoo igeuze uangalie chini, kuna kapembetatu kenye namba, ukikuta 2 au 5 hiyo plastiki haipendi gundi karibu yoyote, mtafute fundi wa kuchomelea plastiki. Soli inataka gundi ya viatu, unapaka pande zote mbili unaacha mpaka ukigusa haishiki kidole ndo unabana kwa nguvu. Stuli ni gundi nyeupe ya mbao, uifunge na mpira wa baiskeli ilale mpaka kesho. Mpini wa sufuria usijaribu kabisa, sufuria ikipata moto mpini unakubakia mkononi na maji ya ugali yanakumwagikia.

Kwenye ripea gundi ya moto ni ya kushikilia vitu vidogo visicheze. Mafundi redio wanaijua, ukifungua spika nyingi unakuta matone yake yameshika waya na vifaa kwenye bodi visitikisike. Waya wa chaja ya simu unaoanza kupinda pale shingoni unauzungushia gundi kabla haujakatika. Kasha la rimoti lililolegea, miguu ya chini ya stuli isichane tailizi, kapeti lisiteleze, hapo ni mahali pake. Lakini waya wa umeme wa ukutani ulioonyesha shaba usiufunike na gundi, badilisha waya.

*Fundi, sasa? Niko Nakuru, kijana wangu ako Gredi 4 na kila wiki ni projekti za CBC, huu mtaala wetu wa shule, anataka kutumia hiyo glue gun mwenyewe. Nimwachie? — Baba Junior*

Salama baba. Usimwachie peke yake, hata ile ndogo ya moto mdogo, maana hata huo moto mdogo umepita wa maji yanayochemka, na maji ya moto angalau yanatiririka yanaondoka mwilini, hii inaganda kwenye ngozi inaendelea kuchoma. Yeye apange, akate, aweke vitu mahali, wewe uminye. Akizidi kidogo umri muelekeze ukiwa umekaa hapo hapo, akandamize na kijiti cha mshikaki badala ya kidole, na kibakuli cha maji baridi kiwe mezani tangu mwanzo.

Akiungua, mkono uende kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kweli 20, watu wengi wanatoa baada ya moja. Gundi iliyogandia usiing'oe, utang'oa na ngozi, iache ipoe ndani ya maji, ikitoka yenyewe sawa. Usipake dawa ya meno, asali, wala mafuta ya kupikia. Ikiwa ni usoni au jichoni, au lengelenge ni kubwa, au gundi imeganda na haitoki, nendeni hospitali.

*Dada yangu kanitumia bunduki nzuri kutoka Marekani, naweza kuichomeka tu na adapta? — Msomaji, Arusha*

Soma kibandiko kwanza. Ikiandikwa 100-240V chomeka. Ikiandikwa 110V au 120V peke yake usichomeke, adapta inabadilisha umbo la plagi tu haipunguzi umeme, na volti zikiwa mara mbili joto linaenda kama mara nne, itayeyuka mkononi.

*Fundi kazi zangu zinajaa nyuzinyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hereni nzima inaonekana chafu. Na juzi gundi imemwagikia meza ya vanishi ya mama, nitoeje? — Binti wa Bukoba*

Nyuzi zinatoka kwa sababu unanyanyua mdomo wa bunduki wakati gundi bado inasukumwa. Achia triga kwanza, subiri kidogo, halafu zungusha mdomo kama unafunga skrubu ndo unyanyue. Kama una moto mkubwa shusha. Zilizobaki zipitishie draya ya nywele kwa mbali zitajikunja zipotee, ila angalia shanga zako za plastiki zisilainike. Na ukipumzika zaidi ya nusu saa zima mashine, gundi ikikaa kwenye moto inageuka kahawia na inadondoka ovyo. Kijiti kilichobaki usikivute kwa nyuma, kiache, kipya kitakisukuma mbele.

Meza ya mama sasa. Kwenye glasi au chuma ningekuambia spiriti, unadondoshea pembeni ya gundi, unasubiri dakika moja, inaachia yenyewe (bunduki iwe imezimwa, spiriti inashika moto). Kwenye vanishi usitumie, itakula vanishi. Weka barafu kwenye mfuko wa nailoni juu ya gundi mpaka iwe ngumu kabisa, halafu ingiza kadi ya simu ya zamani pembeni usukume polepole, kisu hapana. Ikigoma rudia barafu.