Kabla hujakodi hema Kigoma, hesabu mwezi

Mara ya kwanza nilipotoka Tabora kwenda Kigoma kuvua dagaa usiku, nilifika mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, saa moja kasoro jioni nikiwa na kila kitu: tochi, koti la mvua, chakula cha njiani na hamu ya mwaka mzima. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani. Wavuvi wamekaa wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Nikasalimia, nikauliza tunaingia majini saa ngapi. Mzee mmoja akanyanyua kidevu kuelekea milimani, nyuma yangu, ambako mwezi ulikuwa unachomoza mkubwa kama sinia. "Mwanangu," akasema, "leo taa yetu nani ataiona?"

Siku mbili nilizoomba kazini ziliisha hivyo, nikitazama Ziwa Tanganyika kutoka ufukweni. Nimerudi mara tatu tangu hapo. Kwa kuwa watu wengi wananiuliza namna ya kupanga safari kama hii, naandika yale ambayo mimi mwenyewe ningependa kuambiwa kabla sijakata tiketi.

Cha kwanza ni hicho cha mwezi, na sitachoka kukirudia. Mchana dagaa hukaa chini, mbali na macho ya ndege na samaki wakubwa. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu vidogo vya majini ambavyo ndivyo chakula chao, na wakiona taa hukusanyika. Uvuvi wa dagaa umejengwa juu ya tabia hiyo moja. Ukiwa na mbalamwezi, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa wanatawanyika, na taa inakosa nguvu ya kuwaita. Ndiyo maana mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanakaa na familia zao. Huwezi kuwabembeleza wakupeleke, na hata wakikubali kwa sababu ya hela yako, utakesha bure.

Njia rahisi ya kuhesabu nilifundishwa na mzee huyohuyo: fuata mwezi wa Kiislamu. Ujiji na vijiji vingi vya ziwani kila nyumba inajua leo mwezi ngapi. Mwezi kumi na nne, ule tunaousifia kwenye nyimbo, ndio usiku mbaya kabisa wa kwenda. Ukitaka giza la kweli, lenga kuanzia mwezi ishirini na nne hivi mpaka mwandamo, na siku nne tano za mwezi mchanga pia zinafaa kwa sababu mwezi huo unatua mapema, na ukishazama kazi inaanza. Kwa hiyo usiombe ruhusa kazini kwanza halafu ndiyo utafute mvuvi. Angalia mwezi, kisha ndiyo uombe ruhusa.

Cha pili ni msimu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Tanzania tunagawana ziwa hili na Burundi, Kongo na Zambia, na samaki hawajui mpaka uko wapi, kwa hiyo hatua kama hizo zinahitaji nchi zote nne. Kabla ya kupanga lolote katikati ya mwaka, piga simu kwa mtu wa mwaloni au ofisi ya uvuvi uulize kama ziwa limefunguliwa. Usimshawishi mtu akupeleke usiku kwa siri wakati limefungwa. Yeye ndiye atakayepoteza wavu na mtumbwi, wewe utarudi kwako. Mimi mwezi ninaoupenda ni Septemba. Upepo mkali wa kiangazi unaanza kulegea na mvua kubwa bado hazijaanza. Ukichelewa sana mpaka mvua zishike, radi za ziwani usiku si kitu cha kuzoea ukiwa ndani ya mtumbwi wa mbao.

Sasa malazi. Mjini nyumba za wageni zipo, lakini ukilala mjini utapoteza nusu ya raha, maana shughuli inaanza jioni na kuisha alfajiri, na hakuna atakayekufuata huko kwa bodaboda. Mimi hukodi hema, nalisimika kwenye fukwe za nje kidogo ya mji, kwa makubaliano na wenye eneo. Mara ya pili nilikodi kwa mtu niliyeelekezwa, nikalipa, nikapewa furushi limefungwa vizuri. Kulifungua usiku, mshono wa juu umefumuka kiasi cha kupitisha ngumi. Ikanyesha mvua ya ghafla, nguo zikalowa, na nilikuwa na mdogo wangu ambaye ana pumu. Hakuna lililompata, lakini nilikaa naye macho mpaka asubuhi nikijilaumu. Tangu siku hiyo silipi kabla hema halijasimama mbele yangu mchana, zipu zote zimefungwa na kufunguliwa, na nimeingia ndani nikatazama juu kama kuna mwanga unaopenya. Mwenye hema zuri hatakasirika kwa hilo.

Mahali pa kulisimika pana maana kuliko hema lenyewe. Maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni, na kuna sehemu za ufukwe zilizokuwa kavu ambazo sasa ziko chini ya maji. Usitumie kumbukumbu ya mtu aliyekuja miaka kumi iliyopita. Tafuta mstari wa takataka na majani ambao mawimbi yameuacha, kisha panda juu yake hatua nyingi. Epuka pia mkondo wa maji ya mvua kutoka milimani, maana vilima vya Kigoma vinashuka moja kwa moja mpaka ziwani na mvua ikinyesha huko juu maji hayakupi taarifa. Kaa mbali kidogo na mawe makubwa ya ukingoni. Yupo swira wa majini anayeishi katika ziwa hili, anakula samaki na hupenda kujificha kwenye mawe. Hana shida na mtu asiyemchokoza, lakini usipeleke mkono usipouona. Na kabla ya kuoga ziwani, waulize akina mama wanaofua pale: wapi watoto wanaogea, na wapi hawagusi. Mamba na kichocho vyote viko Tanganyika, na wenyeji ndio wanaojua ni upande gani. Neti ya mbu ni lazima, usibishane na mtu juu ya hilo.

Jambo dogo kwa wanaotoka Dar es Salaam: Kigoma iko magharibi kabisa, jua linachwea karibu saa moja na linachomoza karibu saa moja. Ukiambiwa "tutaondoka likizama", usijiandae kwa saa kumi na mbili ya kwenu.

Kuhusu nahodha. Usimtafute kwa kutangaza malipo mwaloni mbele ya watu. Nenda mapema, siku moja kabla, usalimie. Neno "mwakeye" asubuhi litakufungulia nyuso nyingi, hata kama Kiha chako kinaishia hapo. Mimi hubeba asali ya Tabora. Si hongo. Ni kwamba mgeni anayetoka sehemu yenye kitu hafiki mikono mitupu, na mama mwenye nyumba ninakopikiwa sasa huniuliza habari za asali kabla hajauliza habari za watoto. Kisha zungumzeni mambo matatu waziwazi: utalipa kiasi gani kwa nafasi yako, je, samaki watakaopatikana wana sehemu yako au la, na jaketi okozi. Hilo la tatu ni la kwako wewe. Mitumbwi mingi haina jaketi za ziada, kwa hiyo kodi au beba lako, na ulivae. Wavuvi wenyewe wanaweza wasivae. Wewe vaa. Ziwa hili kina chake kinafika mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na upande wa Kigoma ufukwe ukishaisha shimo linaanza mara moja. Nilimuuliza nahodha kama nanga inafika chini pale tulipokuwa. Akaniambia, "Hapa tunaelea tu, mwanangu."

Usiku wenyewe ni wa kungoja, na hili watu wengi hawalijui. Mnatoka giza likiingia, mnapiga kasia au mashine mpaka mahali nahodha anapopaamini, taa zinawashwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikivuma usiku kucha. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri, kimya kabisa, na ukimya huo ndio ulionishangaza zaidi. Kisha mnakaa. Saa moja, saa mbili. Unaanza kuona vumbi la fedha chini ya mwanga, unadhani ni macho yako yamechoka. Vumbi linakuwa wingu. Hapo nahodha akazungumza kwa sauti ya chini na wavu uliokwisha kushushwa ukaanza kuvutwa, watu wote kwa pamoja, kamba kwa kamba. Niliombwa nishike kamba moja. Mikono yangu ya ofisini iliuma siku nne, nami sijawahi kuifurahia mikono yangu kama siku zile.

Mara nyingine migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, hufuata dagaa mpaka kwenye taa, maana dagaa ndio chakula chao. Utaona kivuli kirefu kikipita kwa kasi na wingu lote linapasuka na kurudi.

Baridi itakupata. Watu watakwambia Kigoma ni joto, na mchana ni kweli. Lakini usiku upepo unashuka kutoka milimani, wewe umelowa kuanzia kiunoni, na umekaa bila kusogea. Sweta, koti lisilopitisha maji, kofia inayofunika masikio, na nguo kavu za kubadilisha zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Kula kidogo kabla ya kutoka, usishibe. Tafuna tangawizi kama mawimbi yanakusumbua. Mimi nilitapika mara mbili usiku wa kwanza na nahodha akanielekeza niangalie taa za mtumbwi wa mbali badala ya kuangalia maji, ikanisaidia sana. Kaa ulipoambiwa ukae. Usisimame ghafla. Na simu izime: niliwasha mara moja kupiga picha, mwanga ukaenda majini upande usiotakiwa, nahodha akaniomba kwa upole niifunge. Hawa watu wako kazini. Usiku wako wa mapumziko ndio ada ya shule ya mtoto wao.

Alfajiri mnarudi na akina mama wako tayari na mabeseni. Usiende kulala. Jilazimishe ukae hapo, maana nusu ya kazi ya dagaa inafanyika mchana na inafanywa na wao. Wanamwaga dagaa juu ya vichanja vya wavu vilivyonyanyuliwa kutoka ardhini, wanawatandaza kwa viganja, wanawageuza. Wengine bado wanaanika mchangani na ndiyo maana dagaa wa namna hiyo unawatafuna na mchanga. Ukinunua, nunua wa kichanja, hata kama bei imeongezeka kidogo, na umlipe mama bei aliyoitaja. Jua likiwa zuri wanakauka siku hiyohiyo. Mvua ikija juu ya dagaa wabichi, hasara yote ni ya yule mama. Nimemwona mmoja akikusanya beseni zima lililoanza kunuka, hasemi neno, na tangu hapo sijawahi kulalamikia bei ya dagaa sokoni Tabora.

Chakula cha mchana omba mgebuka mbichi aliyeungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mawese ya Kigoma yana harufu ambayo hema lako litaibeba mpaka nyumbani.

Ukifunga dagaa wa kurudi nao, hakikisha wamekauka kweli: vunja mmoja, asikike akikatika. Tumia kiroba kinachopumua, usitumie nailoni, na kwenye treni usikiweke chini ya kiti karibu na miguu ya watu. Mimi hukiweka juu ya begi langu, na tukifika Uvinza huwa nanunua chumvi ya pale dirishani, ya kutia kwenye wale nitakaowagawia majirani.